Magofu ya Bagamoyo: kazi ilihamia wapi?

UE zimekwisha, bumu lilishakata siku nyingi, na wengi wenu nasikia mmeshapanda mabasi kurudi makwao. Mimi nimebaki chuo wiki moja zaidi kwa ajili ya jambo ambalo jamaa wa chumbani kwangu analiita ukichaa wa wazi: nimeanza kupiga picha za magofu. Ndiyo, magofu. Nyumba zisizo na paa, zenye miti inayoota ukutani na mbuzi wanaolala sebuleni.

Kamera si yangu. Ni ya mshkaji mmoja wa mwaka wa tatu anayejipatia hela ya kula kwa kupiga picha za mahafali na harusi. Aliponiazima aliniuliza, "Sasa gofu litakulipa nini?" Swali zuri sana. Nimelibeba mpaka Bagamoyo na kurudi, na hii hapa ni sehemu ya jibu.

Kama mnavyojua, nasoma ualimu, na masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Muda si mrefu nitakwenda TP, nisimame mbele ya watoto wa kidato cha pili niwaambie habari za misafara, pembe za ndovu, watumwa na Wajerumani. Nilivyofundishwa mimi, hayo yote yalikuwa mistari ya kukariri. Bagamoyo ilikuwa kituo, halafu Bagamoyo ikafa, nukta, swali linalofuata. Sasa nimekaa na picha themanini na kitu za mji huo huo, na zinanibishia. Naomba mnivumilie nieleze zinabisha nini.

MANENO YENYEWE KWANZA

Kiswahili kina maneno mawili mazuri kwa jambo hili. Kuna gofu, yaani mwili wa jengo uliobaki baada ya paa na milango kuondoka. Halafu kuna mahame, yaani mahali watu walipohama. Angalieni hilo la pili, limetoka kwenye kuhama. Ukisema jengo limetelekezwa, kichwa kinamtafuta mtu wa kulaumiwa. Ukisema mahame, kichwa kinauliza: walihama kwenda wapi?

Hoja yangu yote ya leo imekaa hapo. Gofu halielezwi na uzee wake. Linaelezwa na kazi iliyolijenga, na mahali kazi hiyo ilikohamia. Ukipiga picha ya ukuta uliopasuka bila kuuliza hilo, umepiga picha ya ufa tu, bwana.

KAMERA NA UONGO WAKE MDOGO

Kwa wanaotaka kujaribu, nawapa niliyojifunza kwa siku tatu. La kwanza ni jua. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo kuta za upande wa bahari hupata mwanga mzuri asubuhi, na alasiri zinabaki kwenye kivuli. Saa sita mchana sahau kabisa, kila kitu kinakuwa bapa na cheupe.

La pili ni mlango wa gofu. Ndani kuna giza, nje anga inawaka. Ukipimia mwanga wa nje, ndani panakuwa masizi matupu. Ukipimia ndani, anga inakuwa karatasi nyeupe. Dawa ni kupiga mara mbili, moja kwa ajili ya nje na moja kwa ajili ya ndani, au kusubiri wingu.

La tatu ndilo linalonigusa kama mwanafunzi wa historia. Ukisimama karibu na jengo refu ukainua kamera juu ili uingize ghorofa zote, kuta zinaonekana zinaegemea nyuma kama zinataka kuanguka, wakati ukuta wenyewe umenyooka. Yaani picha inaongeza uharibifu ambao haupo! Ukitaka haki itendeke, rudi nyuma, simama mbali, kamera iwe sawa na ardhi. Na uweke mtu au ndoo pembeni ili anayetazama ajue urefu.

Kuna jambo jingine la zamani zaidi. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris, Boulevard du Temple, kutoka dirishani. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwenye picha iko tupu. Ilibidi kamera iache jicho wazi kwa dakika kadhaa, na kila aliyekuwa anatembea akafutika. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama anang'arishiwa viatu. Kwa hiyo toka mwanzo kamera ilipenda majengo kwa sababu yanatulia, na ikawafuta watu kwa sababu wanahangaika na maisha yao. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 1851 serikali ya Ufaransa ikawatuma wapiga picha watano mikoani wakapige majengo ya kale, ili wakubwa wajue yako katika hali gani na yapi yanahitaji matengenezo. Maana yake kupiga picha jengo bovu hakukuanza kama urembo. Ilikuwa karatasi ya kazi, kama fundi anayekagua nyumba kabla ya kukupa hesabu ya mabati.

KAOLE, MRITHIWA WA KWANZA

Nilianza Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji wa Bagamoyo. Pale kuna mabaki ya misikiti miwili ya mawe na makaburi mengi, mengine yana nguzo ndefu juu yake, kama yale mnayoyaona kwenye vitabu vya pwani. Ni mji wa Waswahili wa karne nyingi kabla Mjerumani yeyote hajasikia jina la Bagamoyo. Ukisimama pale leo, baharini hupaoni vizuri. Mbele yako kuna mikoko.

Hapo ndipo kamera inasaidia. Nilipiga picha moja ikiingiza kaburi mbele na mikoko nyuma, kwa sababu hayo mawili ni habari moja. Mikoko inakamata tope, tope linasogeza ufuko, na chombo kinashindwa kuja karibu. Hata hivyo Kaole haikunyamaza mara moja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kijiji cha Kaole ndiko alikokaa liwali wa Sultani wa Zanzibar na askari wake wa Kibaluchi. Richard Burton na John Speke walipokuja kutafuta maziwa makuu mwaka 1857, walishukia Kaole. Lakini biashara ilikuwa inasogea taratibu kuelekea mji wa jirani wenye ufuko mpana wa mchanga ambapo jahazi linaweza kukaa vizuri maji yakitoka.

Mji huo wa jirani ndio Bagamoyo. Kwa hiyo gofu la kwanza linatupeleka lenyewe kwa mrithi wake.

TAREHE ZINAZOBISHANA NA DESA

Sasa twende Bagamoyo mjini. Hapa palikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu mabegani. Waliletwa pia watu waliotekwa, wakavushwa kwenda Zanzibar, hadi mkataba wa 1873 ulipopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na hata baada ya hapo iliendelea kwa kificho. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifika hapa ukibebwa na watu waliotembea nao kutoka kule ambako leo ni Zambia, akina Chuma na Susi wakiwemo.

Wajerumani walipoingia mwaka 1888 watu wa pwani waliwapinga kwa vita, Abushiri akiwa miongoni mwa viongozi, na Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Bagamoyo ikawa makao makuu ya Wajerumani. Mwaka 1891 makao yakahamishiwa Dar es Salaam.

Desa letu linasema hivi, na nina hakika mnalikumbuka: makao makuu yalipohama 1891, Bagamoyo ikafa.

Haya. Nilirudi chumbani nikapanga picha zangu kwenye kompyuta kwa kufuata miaka ya majengo, siyo kwa uzuri. Nyumba ya Forodha: 1895. Boma kubwa la Wajerumani, lile lenye minara juu kama ngome: 1897. Shule iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji: miaka ya 1890. Huyu Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyekopesha na kuandaa misafara, akafa 1897, na wale ambao mmewahi kulazwa Muhimbili jina lake mmelisoma pale, jengo la Sewahaji.

Mnaona? Majengo yale makubwa yote ni ya baada ya 1891! Mtu gani anajenga forodha kwenye mji uliokufa miaka minne iliyopita? Nani anamwaga chokaa na mawe kuinua boma la ghorofa mahali ambapo hakuna kitu?

Nilikaa na hizo picha kama saa nzima. Jibu lake ni hili. Kilichohama 1891 ni gavana na makarani wake. Kazi ya mji ilikuwa bado ipo. Misafara iliendelea kushuka, pembe ziliendelea kupimwa, ushuru uliendelea kulipwa, na ndiyo maana forodha ilijengwa. Bagamoyo haikujengwa na gavana, ilijengwa na mabega ya wapagazi. Ili kuiua ilibidi mtu aondoe wapagazi.

Na waliondolewa na reli. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria, na mizigo ya kaskazini ikapata njia nyingine. Februari 1905 Wajerumani wakaanza kujenga Reli ya Kati, na hawakuianzia Bagamoyo, waliianzia Dar es Salaam. Sababu iko majini. Ufuko wa Bagamoyo ni wa maji mafupi, mzuri kwa jahazi lakini meli kubwa za mvuke zilitia nanga mbali. Dar ina bandari ya kina iliyojificha na mawimbi. Mwaka 1907 reli ikafika Morogoro, 1912 Tabora, 1914 Kigoma. Ukitazama ramani, reli iliufuata karibu mstari ule ule wa misafara, ila mdomo wake ukafunguka Dar. Baada ya hapo nani atabeba pembe kichwani miezi mitatu?

Kwa hiyo ukufunzi wangu wa kwanza kutoka kwenye picha ni huu: forodha ya 1895 na boma la 1897 ni ushahidi dhidi ya desa. Ofisi kuhama na kazi kuhama ni vitu viwili tofauti. Nimeisoma historia hii mara tatu tangu sekondari na hakuna aliyenionyesha hilo, ila mawe.

"HILO GOFU LINA WENYEWE"

Siku ya pili nilikuwa natega kamera mbele ya nyumba moja ya mawe, upande usio na watalii. Haina paa, dirisha moja limejaa majani, na juu ya ukuta kuna mti wa jamii ya mkuyu ulioshusha mizizi mpaka chini kama kamba. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani nyumba ya pili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umemwomba nani ruhusa?"

Nikamwambia nilidhani nyumba haina mtu. Akacheka. "Haina mtu, lakini hilo gofu lina wenyewe."

Akaniita nikae. Nyumba, alisema, ilikuwa ya ukoo mmoja. Alipokuwa mtoto, kila baada ya masika watu walipanda juu wakang'oa majani yaliyoota, wakapaka chokaa upya. Kisha vijana wakaenda Dar kutafuta kazi, mmoja bandarini, mwingine reli. Wengine wakaenda Unguja, na baadhi wakaishia Muscat. Mwenye nyumba alipofariki, mirathi ikawa ya watu kumi na kitu waliotawanyika. Kila mmoja ana haki ya chumba, hakuna mwenye wajibu wa paa. Msimu mmoja paa likavuja, wa pili boriti zikaoza, wa tatu ghorofa ikashuka.

"Sasa nikimuuliza mmoja wao auze, anasema mwenzake hajakubali," mzee akasema. "Wakikubaliana wote, nitakuwa sipo."

Nilimwomba ruhusa nikapata, na nikampiga yeye akiwa barazani, gofu likiwa pembeni yake. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Baraza limefagiliwa, kuna kikombe cha kahawa, na ukuta wa jirani una mti. Hatua kama kumi na tano kati ya nyumba inayokaliwa na nyumba iliyohamwa.

Mnaona reli ileile ilivyoingia mpaka kwenye mirathi ya watu? Kazi ilikwenda Dar, watoto wakaifuata kazi, nyumba ikabaki na karatasi.

JIWE LILE LILE, MVUA ILE ILE

Najua mtaniambia, "Ah, nyumba za zamani zinaanguka tu, ni udongo na mawe." Tufanye jaribio basi, kama watu wa sayansi.

Majengo ya zamani ya Bagamoyo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari hushikwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya pwani vingi ni vyembamba na virefu: upana wa chumba hauzidi urefu wa boriti. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unanyonya unyevu na kuutoa. Unachohitaji ni paa zima na chokaa mpya mara kwa mara. Ukiukandika saruji kwa nje unaonekana imara, lakini maji yaliyomo ndani yanakosa pa kutokea, na lipu inabanduka na ngozi ya jiwe.

Sasa nenda upande wa misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika 1868, wakajenga miaka ya 1870 kwa mawe ya pwani hiyo hiyo, chini ya mvua hiyo hiyo, chumvi ya bahari hiyo hiyo. Majengo yao yamesimama. Kuna watu wanaishi, wanasali, na nyumba moja ikafanywa makumbusho. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuona kwamba gata limeziba.

Mwone na mwenzake, Boma la 1897. Hilo nalo lilidumu miaka mingi likitumika kama ofisi ya serikali, Wajerumani mpaka 1916, kisha Waingereza, kisha sisi. Likaja kupigwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, sehemu yake ikaporomoka. Miaka mia moja likiwa na kazi, halafu misimu miwili ya maji.

Wa Zanzibar nao wanalijua hili kwa uchungu. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, ya mwaka 1883, ilivumilia hata mizinga ya Waingereza iliyopigwa Forodhani tarehe 27 Agosti 1896. Mwaka 2012 sehemu yake ikaanguka, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa ukaporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililoshindwa kuuawa na manowari limeangushwa na maji na muda wa kusubiri.

Kwa hiyo uzee si sababu. Sababu ni pengo kati ya kazi ya zamani kuondoka na kazi mpya kuingia. Pengo likiwa fupi jengo linaokoka. Pengo likivuka masika kadhaa bila mtu wa kupanda darini, basi.

DAR ILIKUWA GOFU KABLA YA BAGAMOYO

Hii sehemu ndiyo ilinifanya nicheke peke yangu kwenye daladala wakati narudi. Tunaitazama Bagamoyo kwa huruma kutoka Dar, si ndiyo? Mji mkubwa unamwangalia marehemu.

Jamani, Dar ilitangulia kuwa mahame! Sultani Majid alianza kujenga mji wake mpya hapa miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na jumba lake, nyumba za wageni na kila kitu. Mwaka 1870 akafariki. Ndugu yake Barghash hakuutaka mradi ule, akabaki Zanzibar, na biashara ikabaki Bagamoyo. Majengo ya Majid yakaachwa, mengine hayajaisha, yakaota majani kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Mpiga picha wa magofu wa miaka ya 1870 angekuja Dar na kuipita Bagamoyo kwa sababu imejaa watu!

Kisha 1887 Kampuni ya Wajerumani ikaweka kituo Dar, 1891 gavana akahamia, 1905 reli ikaanza, na gofu likafufuka. Mpaka leo pale Barabara ya Sokoine, karibu na bandari, lipo Boma la Kale ambalo lilijengwa wakati wa Majid. Limepitia kila serikali, na mwaka 2017 likafunguliwa baada ya ukarabati kama kituo cha urithi wa usanifu majengo. Nimelipiga picha pia, kwa nje, wakati wa foleni ya jioni. Jengo ambalo liliwahi kuhamwa, lina kazi.

Kwa hiyo kufa kwa mji si lazima kuwe kwa milele, na uzima wa mji nao si mkataba. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Miaka mingi tuliliona kama wimbo. Kuanzia 2016 serikali ikaanza kuhama kweli, na 2018 ikatungwa sheria ya kuitangaza Dodoma. Kwa somo la 1891, Dar haitakufa kwa sababu wizara zimehama, kwa kuwa bandari haijahama. Lakini kila jengo la ofisi ya serikali lina swali lake dogo: nani atapanda darini masika ijayo?

WENZETU WA DETROIT

Nimesema nitarudia habari ya kamera kufuta watu. Kuna mji Marekani unaitwa Detroit, ulioinuka kwa viwanda vya magari na ukaumia vilipofungwa na kuhama. Kituo chao kikuu cha reli, Michigan Central, kilifunguliwa 1913 na treni ya mwisho ikaondoka 1988. Wapiga picha wa dunia nzima wakamiminika. Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, wakatoa kitabu kizima cha magofu ya Detroit mwaka 2010. Picha ni nzuri mno, sikatai.

Ila wenyeji wengi walikasirika. Ukizitazama picha za aina hiyo unadhani mji umebaki hauna mtu, wakati zaidi ya watu laki sita walikuwa wanaishi hapo, wanapika, wanapeleka watoto shule. Ni ile barabara ya Daguerre tena: mji umejaa watu, picha iko tupu. Na kituo chenyewe? Ford walikinunua 2018, kikafunguliwa upya Juni 2024. Anayekijua kwa picha za zamani tu atadhani bado ni pango la njiwa.

Ndiyo maana picha yangu ya mzee na kikombe chake naipa nafasi ya kwanza. Na ndiyo maana kila picha nimeiandikia tarehe, mahali na upande niliosimama. Miaka kumi ijayo mtu mwingine asimame pale pale apige tena, halafu tulinganishe.

MABISHANO YA CHUMBANI

Jamaa wa chumbani hakukubali kirahisi. Hoja yake: "Boma ni la mkoloni aliyetunyonga, forodha ilikusanya ushuru wa jasho la wapagazi, na njia ile ilipitisha watumwa. Yaanguke tu, tujenge hosteli." Nisiseme uongo, ni hoja nzito, na mwalimu wa historia anayeipuuza hafai.

Jibu langu ni hili. Likianguka boma, aliyenyongwa hapati faida. Anayepata faida ni yule anayetaka tusahau. Wapagazi hawakuacha vitabu. Wengi wa watu waliovushwa kwenda Unguja hawakuacha hata majina. Kilichobaki kikubwa kuhusu kazi yao ni kuta za wale waliowatumia, na tarehe zilizomo. Ukuta wa 1895 ndio ulionionyesha kwamba mabega yao yalikuwa bado yanaubeba mji wakati vitabu vimeshauzika. Ukuta ukienda, tunabaki na desa.

Hata hivyo sikubali kila jiwe liwe makumbusho. Bagamoyo iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Karatasi zipo. Kinachookoa nyumba ni kazi. Duka, darasa, zahanati, hata hiyo hosteli yake, ndani ya ukuta ule ule. Jamaa akanyamaza kidogo, akasema, "Hosteli ndani ya boma, hapo sawa." Tukaishia hapo, nikaenda kupika ugali.

KWA WENZANGU WA UALIMU

Mnaokwenda TP, nina ombi. Popote utakapopangiwa, karibu na shule kutakuwa na jengo lililohamwa. Tanga utakuta nyumba za mashamba ya mkonge, zao lililofikia tani kama 230,000 mwaka 1964 kisha likaporomoka, kamba za plastiki zikiwa sababu mojawapo. Kongwa kuna alama za mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951. Kanda ya Ziwa kuna jineri za pamba zilizonyamaza. Wapeleke watoto, baada ya kuomba ruhusa kwa wenyewe, na wasiingie ndani chini ya dari bovu. Kama hakuna simu ya kupigia picha, wachore.

Kisha wape maswali matatu tu. Kazi gani ililijenga jengo hili? Kazi hiyo ilihamia wapi? Na nani alibaki hapa ilipohama?

Swali la tatu msilisahau. Jibu lake mara nyingi limekaa barazani, linakunywa kahawa, na linasubiri kuamkiwa.

Nawakilisha!